Nailoni Uliyoibandika Kwenye Kompyuta Yangu

Mpendwa Baba Neema,

Najua ungeanza kwa kuuliza kama kompyuta ni nzima. Ni nzima. Aliyekaribia kuharibika ni mimi.

Jumanne iliyopita nilikuwa na utetezi wa ule utafiti wangu, ule uliokuwa unaniuliza kila jioni umefika wapi. Chuo walisema tutakutana kwa video saa nne asubuhi, na ni kompyuta tu, simu hawaitaki. Asiyeonekana anasubiri mwaka mwingine. Umri wangu unaujua, usiutaje. Hapa shuleni Maisaka wenzangu wameshaanza kuniuliza kama nitahitimu kabla ya kustaafu.

Nilijiandaa kama bibi harusi. Blauzi nikaipiga pasi, meza nikaisogeza dirishani, kuku nikawafungia wasije wakachangia mada. Kitu kimoja tu sikukijaribu, nacho ni mtandao. Tangu uninunulie hiyo kompyuta nimekuwa naandikia tu, kisha kazi naitia kwenye flashi na kuipeleka steshenari ya mjini wanitumie. Nikajiambia simu ina bando, nitawasha niigawie kompyuta, walimu wenzangu wanafanya kila siku, kuna nini cha kujaribu? Ndiye huyo mke uliyemwoa.

Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo, nikaongeza mwanga nione vizuri, kisha nikawasha mtandao wa simu. Simu ikatoa, kompyuta ikakataa kupokea. Nikaizima, nikaiwasha. Vilevile. Nikahamia barazani, nikapunguza mwanga, mara jina la simu yangu likajitokeza! Nikaandika nywila herufi moja moja, kwa sauti, kama ninavyowasomesha darasa la kwanza. Ikashika. Nikarudi mezani mbio, nikaongeza mwanga tena, ikakatika. Nikaibeba mpaka karibu na banda la kuku. Nikaulaumu mlima Kwaraa, nikailaumu mvua ya jana, nikamlaumu hata jirani aliyeezeka bati jipya. Mtandao ukawa unakuja na kuondoka, na mimi natoka na kuingia na kompyuta kifuani, blauzi imeshalowa mgongoni.

Nikampigia Neema, kazini kwake Arusha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, salamu baadaye. Kompyuta ya baba yako imenisusa."

"Imekususa, au umeikorofisha?"

"Neema, dakika tano zijazo wananiita!"

"Haya, haya. Angalia chini kabisa, kwenye kona. Kuna alama gani?"

"Kuna kindege."

Akacheka, mtoto asiye na huruma, kakurithi wewe. "Mama, kompyuta yako inajiona iko angani. Ikiwa hivyo inafunga mitandao yote. Tafuta kitufe chenye picha hiyohiyo, ule mstari wa juu."

Nikakiona. Kiko ubavuni mwa vitufe vya mwanga, cha kuongeza na cha kupunguza, na selotepu inayoshika ile nailoni yako imepita juu ya vyote vitatu, imevikaza kama mkanda. Nikibonyeza cha mwanga, na mwenzake anabonyea. Asubuhi nzima nilikuwa naufungua na kuufunga mtandao mwenyewe.

"Mama," Neema akasema, safari hii bila kucheka, "itabidi uitoe hiyo nailoni."

Nikaipapasa kwa kidole. Hakunihimiza, maana anajua aliyeiweka.

Unakumbuka siku tuliyoinunua? Uliifunga kifuani ndani ya koti kama mtoto mchanga, ukaendesha pikipiki polepole mpaka waendesha baiskeli wakatupita, na mimi huko nyuma nakosa pa kushika. Tulipofika hukunipa hata niishike. Ukachukua mkasi wangu wa kushonea, ukakata nailoni ukiipima kwa makini kuliko unavyopima mashamba ya watu kule Mutuka, ukaitandaza juu ya herufi na kubandika selotepu pembe zote. "Sasa vumbi la Mutuka lije lenyewe," ukasema. Nikakuuliza nitaitoa lini. Ukajibu jibu lako la siku zote: "Acha kidogo, bado mpya."

Ndivyo ulivyosema kuhusu makochi. Wageni wa kanisani wakiinuka, nailoni inalia mpaka mzee wa kanisa anaona aibu. Ndivyo ulivyosema kuhusu rimoti. Mimi nikikucheka, wewe unaifuta tu. Baada ya muda mfupi ukalazwa, na hukurudi. Tangu hapo hakuna nailoni niliyoigusa humu ndani. Nilijua si vitu ninavyovitunza.

Lakini wale watu walikuwa wananisubiri. Nikachukua mkasi nikikusudia kukata ukanda wa juu tu, ule unaopita kwenye vitufe, kwingine nikuachie. Selotepu ilikuwa imezeeka. Nilipoivuta ikaja na nailoni yote, kwa mlio mmoja mbaya ambao hata Neema aliusikia kwenye simu. Nikaigeuza. Kwenye gundi, pale pembeni, kulikuwa na alama ya kidole gumba chako, mistari yote inaonekana.

Sikupata nafasi ya kulia. Nilibonyeza kile kitufe, kindege kikatoweka, mtandao ukashika, nikafungua kikao, na punde sauti ya mwanaume ikajaa sebuleni: "Mwalimu, unatusikia? Tueleze, kwa nini watoto wako wanachelewa kusoma?"

Nikaanza kwa kigugumizi. Kisha nikawaeleza juu ya mtoto anayeingia darasa la kwanza anajua Kiiraqw cha nyumbani peke yake, tunamwambia "soma" kabla hatujamwambia "karibu". Waliuliza mengi. Mengine nilijibu, moja nililizungushazungusha, wewe ungenigundua mara moja. Mtandao haukukatika.

Majibu hayajatoka. Simu ikilia nashtuka, hata akiwa ni muuza maziwa. Neema ananiambia nitulie. Sijatulia, Baba Neema, na hakuna wa kuniuliza jioni nimefikia wapi, ndiyo maana nimekuandikia.

Ile nailoni sikuitupa, ila sikuirudisha pia. Vumbi limeshaanza kuingia kati ya herufi, najua ungegomba. Barua hii nimeiandika kwenye herufi zenyewe, bila kitu katikati. Ni laini kuliko nilivyodhani.

Lala salama, bwana shamba wangu.

Mkeo,
Mama Neema