Umenitoa Kwenye Picha, Ukaacha Kivuli

Moraa, binti yangu wa kamera,

Simu zangu hushiki, kwa hivyo nakuandikia hapa hadharani. Usiposoma wewe, atasoma jirani yako akuambie. Usitetemeke, jina lako la pili silitaji, wala la hicho chuo chako. Sijaja kumwaibisha mtoto wangu. Nimekuja kulalamika kwa sauti, na sauti yangu unaijua.

Mimi ni nani, si unajua? Kuanzia Nyamarambe hadi Gesima hakuna ukuta wa sebule usioning'inia picha yangu. Nimepiga picha maharusi wakaoana, wakaachana, wakarudiana, nikawapiga tena na bwana harusi amevaa koti lile lile. Nimefanya kazi Mombasa, Kampala, hadi Goma nimefika. Huko Goma mwanajeshi alinikamata, nikampiga picha, akajiona alivyotoka mzuri, akaniachilia na kunipa chai. Shule niliiacha kidato cha pili na nasikia hadi leo inanililia.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sijawahi kukifanyia mzaha. Kila Alhamisi masomo yakiisha, nilipanda pikipiki kutoka Ogembo, kamera ndani ya jaketi, nikaja shuleni kwenu Gesima kufundisha klabu ya habari. Ndilo darasa pekee duniani ambamo mtu wa kidato cha pili aliitwa Mwalimu na watu wakasimama. Alhamisi hiyo sina tena. Unayo wewe.

Ngoja nikukumbushe, maana naona umesahau mengi kwa haraka.

Ulikuja klabuni kwa sababu kwaya ilikuwa imejaa. Nikakupa kamera, nikakutuma ukampige picha mwalimu mkuu wa wakati ule, yule mzee mrefu. Ukarudi na tai, koti, suruali na viatu vinavyong'aa. Kichwa hakuna.

"Ha! Umemchinja mwalimu mkuu!" nikasema.

Darasa likavunjika mbavu. Wewe ukajificha chini ya dawati, nikadhani unalia. Kumbe ulikuwa unacheka mpaka huwezi kusimama. Hapo ndipo nilipokupenda, kama mtoto wangu.

Yale majina ya Kizungu ya aina za picha yalikuwa hayawaingii kabisa. Mnayakariri leo, kesho mmeyachanganya. Nikawatoa nje nikawapeleka nyuma ya jikoni, kwenye migomba ya shule. Nikawaambia, tazameni. Ukitaka tujue mtu yuko wapi, piga shamba. Ukitaka mtu mzima, kichwa hadi viatu, piga mgomba. Kiuno kwenda juu, huo ni mkungu. Uso peke yake ni chana. Jicho, pete, chozi, hicho ni kidole kimoja cha ndizi. Tangu siku hiyo hamkukosea. Mlikuwa mnapita uwanjani mkipigiana kelele, "Ingia chana! Ingia kidole!" na walimu wa hesabu wakidhani mmeiba ndizi.

Wewe ndiye uliyeuliza, "Na maganda je, Tata?"

"Maganda tutayamenya kwenye kompyuta."

Tata, neno letu la baba. Wenzako waliniita Mwalimu. Baba yako mwenyewe alikuwa ameshazikwa, ukanipa mimi hilo neno bila kuniuliza, nami nikalipokea kwa mikono miwili. Nilifika nyumbani siku hiyo sijui nilivyoendesha pikipiki.

Na ile filamu yetu ya mashindano ya shule? Tulitaka mikono ya mama yako ikichuma majani chai, na siku pekee niliyokuwa huru ilikuwa Jumamosi. Mama yako Msabato wa kweli, si wa kuazima. Akatupikia jana yake, akatulisha siku ile, lakini kamera akaifunika kwa kitambaa cha meza. Tukakaa. Jioni akatoka akasimama mlangoni akilitazama jua juu ya kilima kama mtu anayesubiri mgeni aondoke. Lilipozama tu akafunua kitambaa.

"Haya. Sabato imetoka. Chukueni kitu chenu mkimbie."

Tukakimbia! Mwanga uliobaki ulikuwa wa kunyang'anyana na giza. Mama yako ndani ya chai, leso kiunoni, akauliza, "Nichume ya kweli ama ya uongo?"

"Ya uongo, mama, lakini uichume kwa ukweli!"

Wewe ulipiga magoti kwenye matope, ukaingia kidole, ukazishika zile kucha zilizopakwa weusi wa majani, na nyuma yake mbingu rangi ya chungwa. Majaji kwenye mashindano waliuliza taa zile tulizikodi wapi. Nikajibu kwa sauti kubwa kwamba zilitoka Goma. Ulinikanyaga mguu.

Picha ya ushindi tulipigwa uwanjani, klabu nzima. Mimi nilisimama upande wa kulia, tumbo limeingizwa ndani, kofia mkononi.

Sasa tuje kwa mambo ya juzi.

Mwalimu mkuu mpya, madamu mpole mwenye miwani, aliniita ofisini. Akanionyesha brosha ya chuo chako cha habari, kile ulichokifungua mjini Kisii. Nilifurahi, Moraa! Kabla sijaisoma nilishaanza kumwambia, "Huyo ni wangu huyo, nimemtoa akiwa bado anamkata mwalimu mkuu kichwa." Yeye akaisogeza brosha karibu nami.

Kisha nikaiona picha. Klabu nzima iko pale. Upande wa kulia kuna nyasi.

Umenitoa vizuri. Nasema hivi kama fundi. Nyasi zimeota pale nilipokuwa kana kwamba sikuwahi kukanyaga, na bega la Nyaboke aliyesimama kando yangu, ulilolichora upya, halionyeshi mshono. Lakini kivuli changu kimebaki, kimelala chini, na kofia yake mkononi. Kivuli cha mtu ambaye hayupo. Je, si mimi niliyekusimamisha mbele ya laptopu yangu ile isiyo na herufi E, siku ulipomtoa mbuzi wa jikoni kwenye picha ukasahau kivuli chake? Hukuwahi kurudia kosa lile. Wewe si mtu wa kusahau; basi hiki umekiacha makusudi?

Chini ya picha imeandikwa "Mbinu ya Mkungu", na kwamba uliibuni wewe ukimsaidia nyanya yako shambani. Shamba, mgomba, mkungu, chana, kidole, zote zimepangwa vizuri, na michoro.

Madamu akasema, "Mzee, nataka tu kuelewa." Akakupigia simu, akaweka spika, akakuuliza kuhusu mzee wa pikipiki aliyekuwa akija klabuni. Hakukuambia niko hapo. Nilikuwa nimekaa pale nikitabasamu, nikingoja unitaje.

"Huyo wa pikipiki?" ulisema. "Ah, kulikuwa na jamaa mmoja wa kupiga picha za harusi. Alikuwa anakuja kutuuzia picha."

Jamaa mmoja.

"Hakuwafundisha?"

"Madamu, huyo hata shule hakumaliza."

Unajua mimi sijawahi kukosa la kusema. Nimewahi kuwachekesha watu kwenye matanga ya mke wangu mwenyewe. Lakini pale nilibaki nikihesabu mishono ya kofia yangu. Ningeweza kuweka kidole juu ya kile kivuli nikasema, madamu, hebu angalia hapa, huyu ni nani? Kofia ile ile ilikuwa gotini mwangu. Sikuweza. Nilikuwa nafikiria jinsi ulivyolitamka lile neno "jamaa", taratibu, kama mtu anayeondoa unyasi kwenye nguo.

Akakata simu, akasema kwa upole kwamba muhula ujao atakuja mkufunzi wako, mwenye cheti. Nikamwambia mbuya mono, asante sana. Asante! Nimevuliwa shati na bado naaga kwa adabu.

Tangu hapo nimejaribu kukutetea, na mimi mwenyewe ndiye hakimu. Nasema labda kule mjini wanaweka watu kwenye mizani, na mtu wa cheti hawezi kusema alifunzwa nyuma ya jikoni. Nasema labda uliogopa. Nikifika hapo narudi kwenye brosha. Kumtoa mtu kwenye picha si kuponyokwa na neno. Ni kazi ya subira. Unamkuza mtu mpaka anajaza kioo, unaona tundu la jaketi lake, unaona meno yake akiwa amekufurahia, halafu unaanza kufuta, kidogo kidogo, kuanzia ukingoni. Uliniangalia muda wote huo, Moraa. Hakuna pahali mkono wako ulisita?

Watoto wa klabu wa sasa wameshajua. Wanataka niwape picha halisi, ile niliyomo, waisambaze, wakumalize. Ninayo. Nimewakatalia. Si kwa sababu mimi ni malaika. Nina hasira ya kutosha kuendeshea posho mill ikasaga unga siku nzima. Lakini jina lako limebandikwa kwenye mlango wa darasa, na wengine wao wanaamka kwa ajili ya hilo jina. Wakikuvunja wewe watabaki na nini, mimi na pikipiki?

Basi nisikilize, nakukabidhi darasa. Sikukabidhi kwa kupenda, nakukabidhi kwa sababu limekwenda.

Kuna msichana wa kidato cha pili, Kwamboka. Huyo ana jicho, nakuambia, kukushinda wewe, na hilo nalisema kwa furaha yenye ubaya kidogo. Ana kigugumizi. Akisimama kueleza picha yake, neno linakwama na wenzake wanataka kumsaidia, wanammalizia sentensi. Wanammalizia vibaya, naye anakubali ili akae chini. Mwambie huyo mkufunzi wako asimmalizie maneno. Awanyamazishe wengine, akae, angoje, hata kengele ikilia. Huwa inachukua muda. Lakini akifika mwisho, anachosema ndicho.

Nisalimie mama yako. Usimwambie haya, ataacha kula.

Ni mimi, mwalimu wako, upende usipende.