Ng'ombe wa Mwalimu na Neno la Kifaransa

Mpwapwa, Ijumaa, mwezi wa kupura mtama.

Ati mwalimu huyu anayemposa mjukuu wangu anifundishe mimi Kifaransa. Mimi niliyembebea mizigo padri Mfaransa kutoka Bagamoyo, Wadachi hawajajenga hata boma hapa.

Leo kaleta ng'ombe wa mahari. "Babu, huyu ni bonne, yaani mzuri. Angekuwa dume ningesema bon. Neno limetoka Kilatini."

Nikamjibu, "Padri wangu alisema bon akishameza, si kabla."

Nikachuchumaa, nikamkamua. Chuchu moja imekufa. Neno kalipekua mpaka kwao Kilatini, kiwele hakukitazama. Nikamwambia kesho amrudishe ng'ombe wake, alete mwingine.

Mjukuu wangu hakunisemesha mchana kutwa. Kusema kweli niliogopa. Wasichana wa siku hizi wanatoroka, na huyu ndiye niliyebaki naye.

Jioni akaniwekea kibuyu cha maziwa ya ng'ombe yule yule, kimejaa. "Onja kwanza, babu, ndipo ukatae."

Nimeonja. Nimekimaliza kibuyu. Basi, ng'ombe abaki.

Lakini lile neno mwalimu hatalisikia kinywani mwangu.