Jina Lako Amelichukua Nekesa

Madam,

Kinachouma kiweke mbele, ndivyo ulivyotufundisha. Basi naweka: nina wivu. Salamu zitafuata.

Nekesa amejifungua mtoto msichana na amempa jina lako. Wangari. Wangari wa Wafula, mtoto wa watu wa Bungoma, amelala pale Ruiru akitia mate kwenye jina ambalo mimi sijawahi kuthubutu kulitamka mbele yako. Jumapili wanambatiza. Na Nekesa, bila hata haya, alinipigia simu akaniomba nimsimamie mtoto, niwe mama yake wa ubatizo. Nilijifanya simsikii vizuri, nikasema mtandao ni mbaya. Mpaka leo sijamjibu.

Ndiyo maana nakuandikia, ingawa najua barua hii ungenirudishia imejaa wino mwekundu.

Sasa salamu. Sisi ni wazima. Hapa Kamenu, Thika, wamejenga maghorofa mpaka jua la asubuhi halifiki tena kwenye kamba yangu ya nguo. Sweta yako ya kijani bado imening'inia nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu, na chaki imo mfukoni. Hakuna aliyeigusa. Kila mtu anasubiri mwingine aiondoe, na mimi ndiye ninayewakazia macho wasiiondoe. Kidato cha Tatu chako mwalimu mkuu alimpa Nekesa. Mimi aliniambia, "Nyambura, wewe ni mtu wa kutegemewa, endelea tu palepale." Alisema kwa uzuri kabisa. Nilitaka kumrushia dasta.

Palepale. Neno hilo lilinianza mikononi mwako, Madam, unakumbuka? Nilikuwa Kidato cha Tatu, miguu mirefu, soksi zimelegea. Ulipanga viti vinne mbele ya darasa, ukatuita wanafunzi wanne na kumpa kila mmoja neno lake la Kiingereza: I, HAVE, NEVER, SEEN. Tukakaa kwa mpangilio huo, na darasa likatusoma: I have never seen, sijawahi kuona. Ukakunja uso. Sentensi hii imepoa, ulisema, ni kama chai iliyosahauliwa mezani. Mtu aliyeona ajabu haongei hivi. Hata mama zenu wanajua kupasha maneno moto, ulisema. Hawasemi, "Umekunywa chai na hujaosha vyombo." Wanasema, "Chai umekunywa, vyombo hujaosha!" Darasa zima lilicheka kwa sababu kila mmoja alimsikia mama yake.

Kisha ukamwamuru NEVER aje mbele. Wote walidhani tutasukumana tu, kila mtu arudi nyuma kiti kimoja, wakapiga kelele, "Never I have seen!" Ukatikisa kichwa. Ukawaambia NEVER na I wabadilishane viti. I alinuna, akalalamika, "Madam, aki huyu amenitoa kwangu!" Watu wakavunjika mbavu. Mimi HAVE nami nikainuka, nikijua zamu yangu imefika. Ukaniwekea mkono begani.

"Wewe kaa hapo. Usitoke."

Never have I seen. Neno lililohamia mbele lilivuma mpaka nje, na mimi nikabaki kwenye kiti cha pili kama gunia la viazi. Nilitaka kuwa NEVER, Madam. Nani hataki? Na usiniambie kwamba bila HAVE sentensi ingeanguka. Hilo nimewaambia wanafunzi wangu miaka yote hii na sijaona hata mmoja aliyefurahi.

Lakini nilikaa. Nilisoma, nikarudi shuleni kwetu nikiwa mwalimu, na wiki ile ya kwanza ukanipeleka kunywa chai kwenye ile hoteli ya zamani kando ya maporomoko ya Chania. Tulisimama kwenye ukingo, maji yakitulowesha nyuso, ukapaza sauti kushinda kelele zake: "Down came the water!" DOWN mbele, maji nyuma. Watalii waligeuka kutazama. Ukaniambia sasa mimi si mwanafunzi wako tena, ni mwenzako. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa na sikutaka kubadilisha nguo.

Kisha akaja Nekesa. Mchangamfu, sauti kubwa, aliyekuja kutoka magharibi kwa mazoezi ya kufundisha akabaki, asiyemjua mtu yeyote Thika. Ukampenda. Sawa. Lakini siku moja, tukisahihisha mitihani, akasema, "Kumbe maji ya Chania yanapiga kelele hivyo! Madam alinipeleka jana, akanishtua, 'Down came the water!'" Nilitabasamu. Nilidhani maporomoko yale ni yetu wawili. Yeye ulimwita "mwanangu" mbele ya walimu wote, na mimi ukaendelea kuniita "Mwalimu Nyambura," jina zima, kama mtu anayeitwa mahakamani.

Ulipougua mambo yakawa mabaya zaidi. Yeye anakaa Ruiru, na nyumba yako ya Membley ilikuwa karibu naye. Alikuja kila jioni. Mimi nilikuja Jumamosi na nduma zangu, magimbi ya kwetu, na uji wa kuchachua unaoupenda, na kila nikifika nakuta ameshakuogesha, ameshakusuka, umekaa kwenye mto unanukia mafuta. Nikauliza, "Nikusaidie nini?" Hakuna kilichobaki. Nduma zangu alizimenya yeye. Siku ulipoondoka, mkono wako ulikuwa kwenye wake. Mimi nilikuwa darasani nikifundisha nafsi ya tatu umoja, simu ikiwa imezimwa kama sheria inavyotaka. Hilo linaniuma kuliko jina. Nilipaswa kuliweka mbele zaidi, najua, lakini mkono ulikataa kuliandika.

Kwenye mazishi, familia yako ilimwomba Nekesa azungumze kwa niaba ya walimu. Mimi nilipewa zamu ya chai. Nilikuwa nimeshika birika kubwa wakati aliposimama, akakohoa, akasema, "Never have I been so loved by a teacher who was not mine." Kwamba hajawahi kupendwa hivyo na mwalimu asiyekuwa wake. Watu kwenye mahema yote wakaanza kulia. Hata mimi nililia. Nusu ya machozi yangu yalikuwa ya hasira. Sentensi ile ilikuwa yako, imepangwa ulivyotufundisha, na mimi niliyekalia kiti nilikuwa namimina chai.

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo limekuwa raha yangu ya siri. Nekesa anakosea.

Darasa lake liko upande wa pili wa ukuta wangu. Siku ya viti vinne niliisubiri muhula mzima. Nilikuwa nikiandika ubaoni niliposikia viti vikikwaruza sakafu. Wakati wako vilikwaruza viwili tu, cha NEVER na cha I. Vyake vilikwaruza vyote! Nikatoka, nikapita dirishani kama mtu anayetafuta chaki, na nikaona: anamwinua HAVE. Anamzungusha yule mtoto, anamrudisha alikotoka, wanacheka, wanapiga makofi. Sentensi inatoka sawa mwishoni, lakini hakuna anayejua kwamba HAVE hainuki. Atajuaje? Hakuwahi kukalia viti vile. Wewe ulimsimulia tu, na kiti hakisimuliki. Nikarudi darasani kwangu nimefura kwa furaha. Sijamwambia. Nikajiambia, hicho angalau ni changu.

Halafu akazaa, akanipiku tena.

Kwetu, unajua, majina yana foleni. Binti yangu wa kwanza alichukua jina la mama mkwe, wa pili la mama yangu. Foleni ikaishia hapo na tumbo langu pia. Hata ningetaka, jina lako lingepita wapi? Kwao Nekesa ni tofauti, mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Mtoto akilia bila kukoma, wanamwitia majina ya wafu wao mmoja baada ya mwingine, na akinyamaza kwa jina fulani, hilo ndilo lake.

Nilikwenda kumwona mtoto Jumamosi iliyopita. Nilibeba njahi, yale maharagwe meusi tunayompa mzazi apate maziwa, kwa sababu mimi ni mtu mwenye adabu hata nikiwa na kijiba cha roho. Mama mkwe wake amekuja kutoka Bungoma kumtunza. Alinisimulia yote kabla sijakaa vizuri.

"Mama, huyu mtoto alilia! Tukamwitia wazee wetu wote, akakataa. Tukamwitia mama yangu mwenyewe, mama aliyenizaa, akakataa! Sasa huyu Nekesa anasema, 'Wangari.' Mimi nikauliza, huyo naye ni wa wapi tena? Lakini mtoto ananyamaza tii! Ningefanya nini?"

Nilitikisa kichwa kwa mshangao unaostahili. Moyoni nikasema, alinyamaza kwa sababu alikuwa ameshiba.

Nekesa akanipa mtoto. "Dada, aki usikatae, wewe ndio utamsimamia. Wewe ndio ulimjua Madam kabla ya sisi wote." Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alisema hivyo mbele ya mama mkwe wake, kwa sauti ile ile kubwa, na mimi sikuwa na mtandao mbaya wa kujifichia. Nikasema tutaongea. Akaenda kuoga. Bibi akatoka kuanika nepi. Nikabaki na wewe. Na yeye. Nikabaki na mtoto.

Akaanza kulia. Nikambembeleza, nikatembea naye dirishani. Akazidi. Nikaona, haya, tujaribu dawa yao. "Wangari," nikamwambia. Akalia. "Wangari, nyamaza." Akalia mpaka akawa mwekundu. Ngai, nilifurahi! Nilisimama pale na mtoto wa watu anayepiga mayowe na nilifurahi, kwa sababu hakuwa wewe, na kama hakuwa wewe basi Nekesa hakuwa amepewa chochote ambacho mimi nimenyimwa.

Kisha nikakumbuka kwamba mimi Wangari sijawahi kukuita. Hilo ni jina la ndugu zako na la walioruhusiwa kukuogesha. Mimi kwako nilikuwa na jina moja tu, tangu siku nilipogonga mlango wa darasa lako nimechelewa, soksi zimelegea.

"Samahani, Madam," nikasema.

Akanyamaza. Akafungua macho, akanitazama, akanikunjia uso vilevile ulivyokuwa ukimkunjia mwanafunzi aliyechelewa. Vilevile, na kidevu kimeingia ndani.

Na usiniambie alikuwa ameshiba. Nilimwuliza Nekesa alipotoka bafuni. Mtoto alikuwa na njaa, ndiyo kwanza alikuwa anakuja kumnyonyesha.

Nikamkabidhi mtoto wake. Nilienda jikoni nikajifanya naosha vikombe, nikalia mpaka bibi akaniuliza kama vitunguu vya Ruiru ni vikali hivyo. Hakukuwa na kitunguu popote.

Basi nimeamua, na leo jioni nitampigia. Jumapili nitasimama kanisani, nitambeba, na nitalitamka jina kamili mbele ya watu wote kama padri atakavyoniuliza. Lakini kilichotokea pale dirishani Nekesa hatakijua. Yeye ana jina, ana mtoto, ana Kidato cha Tatu, ana mkono wako wa mwisho. Mimi nina "Samahani, Madam," na nitaitumia kila nitakapomkuta peke yake analia, mpaka akue anikataze.

Wivu haujaisha. Nisikudanganye, ulichukia uongo kuliko makosa ya tahajia. Asubuhi bado nasikia sauti ya Nekesa ukutani, ingawa yuko likizo ya uzazi, na bado nasaga meno. Lakini kuna jambo nakuahidi. Akirudi kazini, siku ya viti vinne ikifika tena, nitabisha mlango wa darasa lake. Nitamwambia, "Nekesa, ngoja, kuna kitu Madam hakukuonyesha." Nitapita mbele ya watoto wake wote nikae mwenyewe kwenye kiti cha pili, na uzito wangu huu wa sasa. Yeye atamwita NEVER aje mbele, I atanuna, viti viwili vitakwaruza sakafu. Na mtoto akiuliza mbona huyu mwalimu hainuki, nitamwambia kuna mtu aliniwekea mkono begani.

Pumzika, Madam. Sweta yako nitaiondoa mlangoni mimi mwenyewe, nitaifua, na nitaiweka mpaka Wangari afikie urefu wake. Chaki nitairudisha mfukoni.

Nimekaa. Sijatoka.

Nyambura,
kiti cha pili