Jibu la Kila Asubuhi

Nong Sai, Thailand
4 Juni 2007

Mpendwa Baba,

Kwa desturi yetu, naushika mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu, na wa Mama vilevile. Hamjambo huko nyumbani Miagao, ng'ambo ya bahari? Mimi mzima, ila mbu wa huku hawana adabu. Kikohozi cha Mama kimepoa? Na chumvi yako, imekauka au mvua imekuwahi?

Shule ni ndogo, imezungukwa na mashamba ya mpunga. Nitakuwa msaidizi wa mwalimu wa Kiingereza mpaka mwisho wa Septemba. Nikimaliza na ripoti nzuri, chuo kitaniruhusu kuhitimu Machi. Nikikatiza, narudia mwaka. Mwalimu wa darasa, Bi Wipha, ananiachia vipindi vya asubuhi. Nikiingia, watoto thelathini wa darasa la pili wanasimama na kuunganisha viganja kifuani kwa heshima. Nawauliza kwa Kiingereza, "Hujambo?" Nao wote kwa pamoja, kama wanaimba: "Sijambo, asante. Na wewe je?" Sijui neno la lugha yao, wala wao la kwetu, lakini hapo angalau tunaelewana.

Mwambie Mama aandike mstari wake chini ya barua yako, kama kawaida yake.

Mwanao,
Rhodora

*

Miagao
20 Juni 2007

Mwanangu Dora,

Barua yako tumeipata na tumeifurahia. Sisi hatujambo. Mama yako mzima, anakohoa mara mojamoja tu. Mvua imeanza, kwa hiyo mianzi ya kukaushia chumvi nimeiegemeza ukutani, nakula na kulala kama askofu.

Jirani yetu Pacing anauliza kama umeshapata mchumba. Nikamwambia, "Ameenda kufundisha, hakwenda kuposwa." Akanijibu, "Kwani akifundisha anafumba macho?" Mama yako alicheka mpaka akashika mbavu.

Baba yako

Dora, kula ushibe. Usilale na nywele mbichi. Mama.

*

Nong Sai
10 Julai 2007

Mpendwa Baba,

Naomba mkono wako. Natumai nyote hamjambo. Mimi mzima wa afya, ila sauti imekauka. Mwambie Mama nakausha nywele, asihangaike.

Wakaguzi wanakuja Ijumaa. Mwalimu mkuu anasema watasikiliza lile jibu la asubuhi, na ripoti yangu itategemea hapo. Basi nawachukua watoto mmoja mmoja. Wote wanalijua, kasoro Kaew, kitoto cha miaka saba, kina pengo mbele na kiburi cha kutosha kijiji kizima. Leo nimemuuliza, "Hujambo?" Akanimwagia maneno marefu ya kwao, kajishika kichwa, maigizo matupu. Nikamwambia hapana, sema kwa Kiingereza. Akarudia yaleyale, wenzake wakacheka. Sikumruhusu kukaa. Mara ya sita akalisema lote, machozi yakimtoka, nami nikambandikia nyota ya dhahabu kwenye daftari. Ukali huu nimeurithi kwako, usikatae.

Mwanao,
Rhodora

*

Miagao
25 Julai 2007

Mwanangu Dora,

Hatujambo. Mama yako ametulia, hakohoi tena. Safari hii hakuandika, uvivu wa kalamu tu. Mwandiko wangu usikushangaze, meza ina mguu mbovu.

Barua yako niliwasomea majirani, maana siku hizi wanajaa hapa nyumbani. Wamekusifu sana. Maliza kazi yako, mwanangu. Huku usiwaze.

Baba yako

*

Nong Sai
19 Agosti 2007

Baba,

Nisamehe kukaa kimya. Ile siku ya nyota ilikuwa Jumanne. Jumatano Kaew hakuja. Ijumaa wakaguzi walikuja, watoto wakaimba jibu lao, wakapigiwa makofi. Jumapili Kaew akafa katika hospitali ya wilaya. Ilikuwa homa ya dengue.

Watoto ndio waliomweleza Bi Wipha, naye akanieleza mimi. Kaew alikuwa akisema, "Mwalimu, kichwa kinaniuma, macho yananiuma kwa ndani, naomba niende kwa bibi." Alisema mara mbili. Nami nikamfundisha kusema hajambo.

Hakuna aliyenilaumu. Ningefurahi wangenitukana. Kwenye maziko bibi yake aliniunganishia viganja kwa heshima, akanipa daftari la mtoto, kwa sababu lina nyota yangu. Nimeliweka chini ya mto na sina ujasiri wa kulifungua. Bado naingia darasani, na ishirini na tisa wananiambia hawajambo. Siwaamini tena hata mmoja.

Jana nilirudia kusoma barua yako ya Julai. Mama hajawahi kuwa mvivu wa kalamu. Na ile meza uliitengeneza mwenyewe, haina mguu mbovu. Nakuomba, Baba, usinijibu jibu la darasani. Mama yuko vipi?

Rhodora

*

Miagao
4 Septemba 2007

Rhodora,

Mama yako alifariki Ijumaa, tarehe kumi na tatu Julai, asubuhi. Ni mapafu. Barua yako ya nyota ilifika siku ya mwisho ya zile siku tisa za sala za kumwombea, ndiyo maana majirani walikuwepo. Niliwasomea kwa sauti ili isipite bila yeye kusomewa.

Ni yeye aliyekataza usiambiwe. Alisema, "Aambiwe akishaweka sanduku lake la safari chini hapa mlangoni, si kabla." Hata ule mstari wa Juni aliutamka yeye, nikaandika mimi kwa kuuiga mwandiko wake, maana vidole havikuwa na nguvu. Nilijiona nakulinda. Umekaa wiki saba ukiamini yuko hai, na mimi nakuitikia. Nimekukosea, mwanangu. Ulikuwa na haki ya kumlilia pamoja nasi.

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Kuhusu yule mtoto sina la kukufariji, na nisingependa kubuni. Ukitaka kurudi kesho, rudi, mwaka utarudiwa. Ukitaka kumaliza, maliza. Sitakuchagulia tena.

Kitanda chake cha mfumi, alichokuwa akifumia, kina nguo iliyofika nusu, sijaigusa. Wali bado naupika wa watu wawili, kisha nausahau jikoni unaungua. Usingizi sina. Mimi si mzima, Dora.

Na wewe je?

Baba yako