Soksi za Malkia

Dada yangu mpendwa Isobel,

Pokea salamu zangu za moyoni. Hujambo huko Ulaya, na shemeji je, kifua kimemwachia? Sisi huku kisiwani wazima. Viazi mwaka huu vimekubali, na goti langu linauma kama kawaida yake, nimeshalizoea.

Dada, Malkia ametutoka. Najua umesikia, huko habari hazingoji meli. Wanaume hawakwenda kuvua siku tatu. Baada ya ibada watu walikaa ukumbini wakisimulia siku ile alipopita na meli yake, msichana bado, bahari ikakataa katakata asishuke. Mama akapelekwa kwa mashua, akapanda ngazi ya kamba na soksi kwapani. Akamweleza kwamba huku kwetu mwanamke humfumia soksi ampendaye, na wingi wa mistari ndio wingi wa mapenzi. Malkia akahesabu, akakuta saba. Akauliza Baba hupata mingapi.

"Mitatu," Mama akasema, "na ashukuru."

Wanasema Malkia alicheka hadi akashikilia chuma cha meli. Tangu hapo kila mwaka soksi zilienda na barua ikarudi, ya mkono wake mwenyewe, na Mama aliisomea kijiji kizima.

Sasa baraza linataka kuziweka barua hizo ukumbini. Jana walikuja kuniuliza kwa nini zinakomea mwaka aliokufa kaka Lars. Nikasema sijui. Nilidanganya, dada, na nimechoka kudanganya.

Mwaka ule meli ya daktari tuliyoahidiwa na serikali ya Malkia haikuja, Lars akatufia mikononi. Macho ya Mama yalikuwa yamekwisha, mfumaji nikawa mimi. Aliniagiza mistari saba kama siku zote. Mimi nilikuwa na hasira. Nikafuma za kijivu tupu, mstari hata wa dawa hamna, nikamwambia Mama yote saba ipo. Nilitaka yule mkubwa wa mbali aumie kidogo kama sisi.

Akaumia kweli. Barua yake ilisema: "Sikuona mstari hata mmoja. Niambieni nimewakosea nini, nirekebishe." Niliogopa Mama akijua nilichofanya, basi nikaificha, nikasema meli haikuleta kitu. Wala sikujibu. Malkia hakuandika tena. Mama alisubiri miaka miwili, akafa akisema, "Ametuchoka."

Nawe kwa uchungu wa Mama ukaiondoa picha ya Malkia ukutani kwako. Ungeondoa yangu, dada.

Barua yenyewe nimeitia humu. Isome wewe kwanza, kisha uniambie kama niwape baraza. Ukikasirika, kasirika, ni haki yako, ila usiache kuniandikia.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu wote.

Ni mimi mdogo wako,
Nelda