Pembe Hudanganya

Kaka,

Huku mvua imenyesha na mama hajambo. Salamu zimeishia hapo.

Yule mchumba uliyemletea binti yangu, eti ana miaka thelathini na tano! Unasahau kazi yangu ni kuwaonyesha wawindaji dume la swala lililokomaa. Pembe hudanganya, kwa hiyo tunatazama mwili. Dume likizeeka shingo huungana na kifua, mgongo hubonyea, tumbo huning'inia.

Nywele kapaka rangi, sawa. Lakini alipoinuka kunawa, nilimtazama ubavuni. Mzee mtupu!

Halafu akacheka, nikamtambua. Huna haya? Ni yuleyule uliyeniletea mimi, nikamkataa kwa uzee wake, kabla binti yangu hajazaliwa.

Msikanyage kwangu.

Dada yako