Siti ya springi imeniangusha sokoni

Melki, sina gari, sina pikipiki, na leo sina hata uso wa kutokea kanisani.

Nimeanguka na baiskeli sokoni Ngaramtoni!

Ni ile siti ya springi niliyoifunga kwa ajili ya safari za kuwatembelea wagonjwa wa kanisa. Kwenye mawe mgongo haukuuma kabisa. Ila bomba linaloishikilia ni refu, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini. Nikasema nitazoea.

Ng'ombe wakakatiza, nikafunga breki, mguu haukufika chini.

Aliyeniinua ni Naisiae, mke wa mwanangu. Mkamwana, Melki, ambaye kwa mila yetu hatakiwi hata kunigusa! Kanishika kiunoni mbele ya wazee wenzangu. "Baba, pole, simama."

Mmoja akacheka: "Leo mzee kapata mama."

Bomba la zamani nimelirudisha. Lakini nimemwandikia mchungaji atafute mzee mwingine wa kuwatembelea wagonjwa badala yangu, aibu hii siiwezi. Bahasha nimeifunga. Naisiae ameshaondoka nayo.